Kilo Zisizolipiwa

Gunia la viazi Lukozi halifungwi likijaa. Mpakiaji hulitikisa kwanza ili viazi vishuke vikae, kisha huongeza debe jingine, na mzigo ukifika mdomoni ndipo kazi yenyewe inapoanza. Huzungusha kamba pembezoni mwa mdomo wa gunia, akasuka wavu kwenda juu, akapanga viazi ndani ya wavu huo kimoja kimoja, vikubwa nje na vidogo katikati, mpaka gunia linaota kichwa. Juu huweka majani ya kukinga jua, akakaza kamba kwa goti. Kile kinachoitwa gunia kwenye mapatano sasa ni gunia na sehemu ya gunia jingine. Hiyo ndiyo lumbesa.

Lukozi iko kaskazini mwa mji wa Lushoto, ukishapita msitu wa Magamba, kwenye njia ya kwenda Rangwi na Mtae. Kuna baridi, na mabonde hulimwa takriban mwaka mzima: viazi mviringo, kabichi, karoti, njegere, hoho, nyanya, na kwenye miinuko plamsi na mapeasi. Malori ya Fuso hupaki kando ya barabara, na mzigo unaoondoka jioni hutakiwa uwe Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 350, kabla wachuuzi hawajafika sokoni alfajiri. Njia kuu ya kuteremkia ni ile ya kona kupitia Lushoto na Soni hadi Mombo. Masika yakikata barabara, kabichi iliyokwishavunwa inabaki pale ilipo, na kabichi haina subira. Mkulima anajua hilo, na mnunuzi anajua kwamba mkulima anajua.

Tuchukue hesabu ya mfano. Gunia limepatanwa kwa shilingi 60,000, na wote wawili wanaposema gunia wanafikiria kilo 100. Bei ni shilingi 600 kwa kilo. Lumbesa ikiongeza kilo 30, bei halisi inashuka hadi kama shilingi 460. Lori likibeba magunia 50 ya namna hiyo, kilo 1,500 zimesafiri bila kulipiwa, na kwa bei iliyopatanwa hizo ni shilingi 900,000. Hakuna aliyepora kitu usiku. Mzigo ulipakiwa mchana kweupe, mwenye shamba akiwa amesimama pembeni, pengine akisaidia kushika kamba.

Anayeumizwa kwanza katika hesabu hii anafahamika, naye amesemewa bungeni, redioni na kwenye mikutano ya hadhara kwa miaka mingi. Anayeumizwa wa pili hasemwi. Ni mfanyabiashara mwenzake yule mnunuzi, aliyepanda Lukozi siku hiyohiyo akiwa na mizani na nia ya kununua kilo 100 kwa bei ya kilo 100. Akifika sokoni Mabibo au Ilala, Dar es Salaam, yeye na mwenye lumbesa wanauza kwa mteja yuleyule. Mwenye lumbesa anaweza kushusha bei na bado akapata faida, kwa kuwa sehemu ya mzigo wake hakuinunua. Mwenye mizani akishusha bei anakula mtaji. Baada ya safari kadhaa atafanya moja kati ya mawili: ataacha biashara ya viazi, au ataacha mizani nyumbani.

Hapo ndipo lumbesa inapoacha kuwa dhuluma ya watu wawili tu na kuwa ushindani usio wa haki. Mapatano machafu kati ya fulani na fulani yanamtoa sokoni mtu wa tatu ambaye hakuwapo kwenye mapatano. Madai ya ushindani usio wa haki katika migogoro ya mikataba ya biashara yanahusu jambo hilo, iwe mkataba umeandikwa kurasa 80 na mawakili wa London au umesemwa kwa maneno sita kando ya barabara ya vumbi.

Maneno sita ni kipimo cha kweli, kwa kuwa mazungumzo ya kawaida hayazidi sana hapo:

“Mgosi, gunia elfu sitini.”

“Lumbesa?”

“Kama kawaida.”

Mbele ya sheria huo ni mkataba kamili. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo maneno yake mengi yalitoka kwenye sheria ya India ya mwaka 1872, haidai karatasi ili mauziano ya viazi yawe halali. Inadai watu wenye uwezo wa kupatana, ridhaa ya hiari, malipo, na kusudi lisilokatazwa na sheria. Tatizo limejificha kwenye “kama kawaida”. Desturi ya biashara inaweza kujaza pengo la mkataba, lakini desturi iliyokatazwa na sheria haiwezi, na Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982 imekataza kuuza na kununua kwa vipimo visivyo halali. Wakala wa Vipimo umekuwa ukitangaza faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20 kwa wanaokamatwa na lumbesa.

Kwa hiyo mnunuzi hawezi kwenda mahakamani kudai zile kilo 30 kama haki yake ya kimkataba. Lakini mkulima naye akienda, atakuta swali linamsubiri: kama ulijua gunia si halali na ulishika kamba, unakuja kwetu na mikono gani? Sheria ya vipimo haimwangalii mnunuzi peke yake, na aliyefungasha naye anaweza kuwajibika. Mkulima mdogo anajikuta ndani ya kosa alilolazimishwa kushiriki, na woga huo ni sababu mojawapo ya yeye kunyamaza.

Kati yao amesimama dalali. Ndiye anayejua nani ana shamba lililokomaa na nani ana lori tupu. Mara nyingi hupokea chochote kutoka pande zote mbili: mkulima anamwona mtu wake, mnunuzi anamwona mtu wake. Sheria ya mikataba ina sehemu nzima juu ya uwakala, na msingi wake ni kwamba wakala hafanyi biashara yake binafsi kwa siri ndani ya kazi ya aliyemtuma. Dalali anayemwambia mkulima kuwa bei ya Dar imeanguka, huku simu yake ina bei ya asubuhi hiyo iliyo juu zaidi, amevunja wajibu huo. Kuthibitisha ndiko kugumu. Hakuna risiti wala ujumbe, na shahidi pekee ni mpakiaji ambaye kesho anahitaji kibarua kwa dalali yuleyule. Si haki kuwatia madalali wote kwenye kapu hilo. Bila wao, mkulima wa bondeni asiye na simu ya mnunuzi hata mmoja angeozewa. Lakini kazi yenye nafasi kubwa namna hiyo ya kudanganya haipaswi kuendeshwa gizani.

Kuna jambo moja la kihistoria linalofaa kusemwa hapa. Ujerumani ilitunga sheria yake ya kwanza mahsusi dhidi ya ushindani usio wa haki mwaka 1896, wakati reli kutoka Tanga inajengwa kwa kusuasua kuelekea milima ya Usambara. Lushoto enzi za Wajerumani iliitwa Wilhelmstal, na reli ilifika Mombo mwaka 1905. Sheria ya namna ile, ambayo ilipoandikwa upya mwaka 1909 ilimpa mfanyabiashara haki ya kumshtaki mwenzake kwa mwenendo wowote ulio kinyume na desturi njema za biashara, haikuota mizizi huku. Waingereza walipochukua nchi walileta mfumo wao, na Waingereza hawana dai la jumla la namna hiyo. Mlalamikaji sharti aingie kwa mlango maalumu: jina la bidhaa yake limeigwa, mkataba wake umevunjwa, mtu amemsingizia uongo uliomharibia biashara. Tanzania ilirithi milango hiyo. Ndiyo maana mfanyabiashara mwenye mizani wa Lukozi, ambaye hasara yake iko wazi kwa yeyote anayejua kujumlisha, hana mahali pepesi pa kuanzia. Hana mkataba na mwenye lumbesa. Jina lake halikuigwa. Hakuna aliyemsingizia.

Kwa muda mrefu dola haikuona haja ya milango zaidi, kwa sababu bei ilipangwa na serikali. Tume ya Taifa ya Bei iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973 na kupanga bei za bidhaa nyingi. Mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, kuficha sabuni au sukari dukani lilikuwa jambo la kumpeleka mtu kizuizini. Mfumo huo ulilegezwa hatua kwa hatua. Mwaka 1994 ikaja sheria ya kwanza ya biashara ya haki, na mwaka 2003 Bunge likapitisha Sheria ya Ushindani, Namba 8, iliyozaa Tume ya Ushindani, na Baraza la Ushindani la kusikiliza rufaa. Kazi ya dola ikabadilika: haipangi tena bei za bidhaa nyingi, inalinda mchezo ambamo bei inapatikana.

Mgogoro uliompa kila Mtanzania picha ya sheria hiyo ulihusu bia.

Mwaka 2002 kampuni mbili kubwa za bia za ukanda huu zilifanya mapatano ya kugawana amani. SABMiller, iliyokuwa inamiliki sehemu kubwa ya Tanzania Breweries, ilifunga kiwanda chake cha Castle cha Thika, Kenya. East African Breweries ya Nairobi nayo iliacha ushindani Tanzania kupitia Kibo Breweries ya Moshi, na ikapewa asilimia 20 ya hisa za Tanzania Breweries. Kila mmoja akabaki na uwanja wake. Mnywaji wa Moshi na mnywaji wa Thika hawakuulizwa.

Uwanja wa Tanzania ukabaki na mshindani mdogo aliyekua haraka, Serengeti Breweries. Serengeti ikapeleka malalamiko Tume ya Ushindani ikisema kwamba Tanzania Breweries inawafunga wenye baa kwa mikataba ya matangazo: baa inapakwa rangi na kupewa mabango ya kampuni moja, na vifaa vya matangazo vya mwingine vinaondolewa. Ukiutazama mkataba wa namna hiyo peke yake, hauna ubaya. Mwenye baa amepata rangi ya bure na bango linalowaka usiku, na ametia saini kwa hiari. Mbele ya sheria ya mikataba yeye na kampuni hawana ugomvi. Aliyeumia yuko nje ya karatasi. Hesabu inabadilika pale kampuni inayotia saini inaposhika sehemu kubwa ya soko, kwa sababu baa moja iliyofungwa si kitu, lakini mabaa mengi yakifungwa mji mzima mshindani hana pa kutundika hata bango moja. Sheria ilipopitishwa iliweka asilimia 35 ya soko kama kizingiti cha kuanza kumwangalia mtu kwa jicho hilo. Mwaka 2010 Tume iliamua dhidi ya Tanzania Breweries na kuitoza faini ya asilimia 5 ya mauzo yake ya mwaka, kiwango cha chini cha adhabu ambayo sheria wakati huo iliruhusu ifike asilimia 10. Kampuni ikakata rufaa Baraza la Ushindani.

Mwaka huohuo East African Breweries ilinunua asilimia 51 ya Serengeti. Mapatano ya 2002 yakapasuka, na ugomvi wa nani aliahidi kutoshindana na nani ulifika mpaka mahakama za London. Tume ya Tanzania haikujali sana nani alivunja ahadi. Iliangalia kitu kingine: kampuni moja haiwezi kumiliki mshindani mdogo huku ina hisa kwa mshindani mkubwa. East African Breweries ikatakiwa kuziuza hisa zake za Tanzania Breweries, na mwaka 2011 zikauzwa kwa umma kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Kisa hicho kinafaa kutazamwa kwa makini na mtu wa Lukozi, ingawa hakina uhusiano na kabichi, kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho sheria ya mikataba peke yake haiwezi kufanya. Mahakama ya kawaida huuliza: mlikubaliana nini? Tume huuliza: makubaliano yenu yamefanya nini kwa wengine? Lile la pili ndilo swali ambalo mfanyabiashara mwenye mizani amekuwa akilitafuta.

Kenya imeenda hatua moja mbele, na kwa mkulima hatua hiyo ndiyo yenye uzito kuliko kisa chote cha bia. Sheria yake ya ushindani ya mwaka 2010 iliongezewa vifungu vinavyohusu nguvu ya mnunuzi: mnunuzi mkubwa anayetumia ukubwa wake kumbana msambazaji mdogo. Jaribio la kwanza kubwa lilikuwa kati ya Orchards Limited, kampuni ndogo ya maziwa ya mgando, na Majid Al Futtaim, kampuni ya Dubai inayoendesha maduka ya Carrefour. Orchards ililalamika kwamba mkataba wa kuuzia Carrefour uliilazimisha kutoa punguzo baada ya punguzo, kutoa bidhaa za bure, na kupeleka wafanyakazi wake, inaowalipa yenyewe, kufanya kazi ndani ya maduka ya mnunuzi. Yote yalikuwa yameandikwa na kutiwa saini.

Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliona kwamba saini haitoshi. Faini ilikuwa ndogo kwa kampuni ya ukubwa ule, kama shilingi 124,000 za Kenya, lakini amri iliyoambatana nayo ilikuwa nzito: Carrefour ifanye marekebisho kwenye mikataba yake na wasambazaji na kuondoa vifungu vya namna hiyo. Baraza la Ushindani la Kenya liliunga mkono uamuzi huo mwaka 2021. Desemba 2023, baada ya malalamiko mengine ya muuza asali, Woodlands, na ya Pwani Oil, Mamlaka ikatoza faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 na kuagiza wasambazaji hao warejeshewe makato. Kampuni ikapinga kwa rufaa.

Linganisha vifungu hivyo na gunia lenye kichwa. Maziwa ya bure kwa kila tawi jipya ni lumbesa iliyopigwa chapa. Tofauti ni kwamba Orchards ilikuwa na karatasi. Ilifungua mkataba mbele ya mamlaka, ikaonyesha kwa kidole kifungu kwa kifungu, na kila punguzo lilikuwa na ankara yake. Karatasi iliyotumika kuibana ndiyo ikawa ushahidi wake. Mkulima wa Lukozi amebanwa kwa mdomo, na mdomo hauachi nakala.

Ndani ya Usambara yenyewe kuna mfano wa nguvu ya mnunuzi usiohitaji kwenda Nairobi. Kiwanda cha chai cha Mponde, Bumbuli, kilijengwa kuhudumia wakulima wadogo wa milimani. Jani la chai likishachumwa linatakiwa kufika kiwandani ndani ya saa chache, la sivyo linaungua na kupoteza thamani, na kwa mkulima wa miteremko ile hilo lina maana ya mnunuzi mmoja. Baada ya ubinafsishaji kiwanda kilikuwa mikononi mwa chama cha wakulima cha UTEGA kilichoshirikiana na kampuni binafsi. Wakulima walilalamikia bei na uendeshaji kwa miaka, na mwaka 2013 mgogoro ulifikia hatua ya kiwanda kufungwa. Serikali ilikirejesha mikononi mwake mwaka 2016, na baadaye kikapewa mifuko ya hifadhi ya jamii ikifufue. Katika miaka hiyo chai ya Mponde iligeuka pori. Michai iliyoachwa bila kuchumwa ikarefuka kuwa miti, na kaya zilizosomesha watoto kwa majani zikahamia mahindi na vibarua.

Mponde inafundisha kuhusu neno soko kuliko vitabu vingi. Kwa mtu wa Dar es Salaam, soko la chai ni la dunia. Kwa mkulima mwenye kikapu mgongoni saa nne asubuhi, soko ni umbali ambao gari linaweza kwenda kabla jani halijaungua. Vivyo hivyo kwa kabichi iliyokwishakatwa jioni: soko lake ni yale malori yaliyopo usiku huo. Ukihesabu biashara yote ya mboga Tanzania, hakuna mnunuzi wa Lukozi anayekaribia kizingiti cha sheria. Ukihesabu bonde moja, usiku mmoja, mvua ikinyesha, anaweza kuwa na mia kwa mia. Tume ikipelekewa lalamiko kutoka milimani, hapo ndipo inapopaswa kuanzia. Ikianza na takwimu za nchi nzima, mkulima ameshindwa kabla hajafungua mdomo.

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji kupima ukubwa wa mtu. Sheria ya 2003 inakataza washindani kupanga bei pamoja, kususia kwa pamoja, na kula njama katika zabuni, na makatazo hayo hayana kizingiti cha asilimia. Wanunuzi watano wakikaa asubuhi kwenye mgahawa wakakubaliana kwamba leo hakuna atakayevuka elfu hamsini, wamefanya kitu kilekile ambacho makampuni ya saruji au ya ndege huadhibiwa nacho duniani. Sheria hiyo ina vilevile sehemu inayohusu mwenendo dhalimu katika biashara, ambamo miongoni mwa mambo yanayotazamwa ni uzito wa kila upande katika mapatano, na inamruhusu aliyepata hasara kuomba fidia. Silaha zipo. Zimefungiwa mjini, wakati hasara inapakiwa mlimani.

Maofisa wa vipimo wakipita barabarani kukamata magunia yenye vichwa, vichwa hupotea kwa wiki mbili kisha vinarudi. Msako unaangalia gunia, na gunia ni dalili. Halmashauri zenyewe zimo katika hasara hii: mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa ya biashara na 2 kwa ya chakula, na pale unapotozwa kwa kuhesabu magunia, kila kichwa cha lumbesa kinapita kizuizini bila kulipa. Halmashauri yenye mizani kubwa sokoni ingekuwa inalinda mkulima, mfanyabiashara mwaminifu na hazina yake kwa chuma kilekile.

Ni lazima pia kusema lililo upande wa pili wa kamba. Kuna wakulima wanaoweka viazi vidogo vidogo katikati ya gunia na vikubwa juu, na wapo wanaochukua malipo ya awali kwa mnunuzi mmoja kisha wakauza shamba kwa mwingine aliyekuja na bei nono. Mnunuzi aliyekodi lori Dar akakuta shamba tupu ana dai halali la mkataba, na hasara hiyo ni sababu mojawapo anayoitoa anapotetea lumbesa: anasema anajilipa mapema kwa udanganyifu unaokuja. Hoja hiyo haifuti kosa lake. Inaeleza kwa nini kosa limekaa: kila upande unajikinga na mwenzake kwa kumwibia kidogo.

Walioweza kutoka kwenye mzunguko huu milimani walitoka kwa pamoja. Usambara Lishe, umoja wa wakulima wa mboga wa Lushoto, ulijijengea njia ya kuuza kwa hoteli na maduka ya Dar es Salaam kwa oda: kiasi kinachojulikana, ubora unaojulikana, siku inayojulikana. Mnunuzi wa namna hiyo hataki gunia lenye kichwa, kwa kuwa analipa kwa kilo na anakataa kilichooza. Masharti ni magumu na si kila mkulima anayaweza. Lakini ugomvi ukitokea, kuna kitu cha kukunjua mezani.

Karatasi ya Lukozi haihitaji kuwa ndefu. Zao gani, kilo ngapi, zimepimwa kwa mizani ya nani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, bei kwa kilo, nani analipa upakiaji, dalali analipwa na nani na kiasi gani, mzigo ukiharibika njiani hasara ya nani, na tukigombana tunaanzia kwa nani. Iandikwe kwa Kiswahili, nakala mbili, picha ipigwe kwa simu. Kitu kimoja kisiingie humo bila kufikiriwa mara mbili: ahadi ya kumuuzia mtu mmoja tu msimu baada ya msimu. Wenye baa walipewa rangi na mabango. Mkulima atapewa mbegu na mbolea ya mkopo, na masharti yatafanana. Mkopo ukilipwa, ahadi nayo iishe, na tarehe ya kuisha iandikwe juu ya saini.

Mfanyabiashara mwenye mizani naye anahitaji karatasi hizo, pengine kuliko mkulima. Akiwa na risiti za msimu mmoja za kilo alizonunua na bei alizolipa, na orodha ya bei ambazo mwenye lumbesa aliuzia sokoni siku hizohizo, ana kitu cha kupeleka Tume ya Ushindani: hasara yenye tarakimu, tarehe na chanzo. Lalamiko lililoamuliwa mwaka 2010 lilihusu mabango ya baa. Hakuna kifungu kinachozuia linalofuata lihusu viazi.